Kijiko Kiingie Mapema

Nazungumza nanyi nyote mlio Kyela mjini, Ipinda, Ngonga, Kasumulu, na kule Matema ambako milima ya Livingstone inaingiza miguu yake ziwani. Leo nimeingia studio na birika la maji ya moto, chujio la umbo la koni, karatasi zake, na mfuko wa kahawa. Nataka tuzungumze habari ya kukoroga kahawa. Ni kazi ya sekunde kumi au kumi na tano, lakini imenishughulisha karibu mwaka mzima, na kadiri ninavyoijua ndivyo ninavyoona kwamba inatuhusu sisi watu wa ukanda huu kuliko tunavyodhani.

Najua kuna anayesema kahawa si zao letu. Kyela ni mpunga, ni kakao, ni michikichi. Ni kweli. Arabika inataka baridi ya mlimani, na uwanda wetu uko chini kidogo ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, joto na unyevu mwaka mzima. Lakini panda gari la kwenda Tukuyu, tazama dirishani. Kakao inakusindikiza, inakuacha, migomba inazidi, halafu chai inatandika vilima kama zulia, na humo katikati utaiona mibuni ya Rungwe. Endelea magharibi ufike Ileje na Mbozi, utaikuta mibuni tena. Na ukisimama Matema ukatazama kusini kwa kufuata ufuko wa mashariki, nyuma ya milima ile, mbali, ndiko Umatengo na kahawa ya Mbinga. Tumezungukwa. Kahawa ya nchi yote hiyo ya juu iko jirani yetu, nasi wengi wetu tunakunywa ya kopo, ya unga unaoyeyuka.

Mwaka jana ndugu yangu aliteremka kutoka Mbozi na nusu kilo ya kahawa ambayo wenyewe waliikaanga nyumbani. Niliishangaa rangi. Nimezoea kahawa nyeusi inayong'aa mafuta; hii ilikuwa ya rangi ya karanga zilizokaangwa, kavu kabisa, ngumu kama kokoto. Akaniambia, kaka, hii imekaangwa kidogo makusudi, usiipike, ichuje tu. Akaniachia na lile chujio. Nikaitwanga, nikaiweka kwenye karatasi, nikamimina maji ya moto kwa mara moja kama ninayejaza chupa ya chai. Maji yakapita upesi. Nikampelekea mjomba, mzee ambaye kwa kahawa nina imani naye, kwa sababu alizaliwa Rungwe na utotoni alichuma kahawa kwenye shamba la baba yake. Akaonja, akakiweka kikombe mkekani taratibu, akasema, “Mjomba, hii haijaiva.”

Alikuwa na haki. Ilikuwa nyepesi kama maji ya kuoshea kikombe, na juu ya wepesi huo ilikuwa na uchachu wa ndimu iliyokamuliwa kwenye tumbo tupu. Nilidhani kosa ni la mkaangaji. Ilinichukua miezi kujua kwamba kosa lilikuwa la mkono wangu.

Tuanzie kwenye kikaango. Buni likipata joto, kwanza linakauka, linageuka manjano, halafu kahawia, na likikaribia nyuzi 200 linaanza kupasuka kwa sauti, pa, pa, pa, kama bisi. Anayeipua muda mfupi baada ya mlio huo anapata kahawa ya rangi ya karanga. Anayeendelea atasikia mlio wa pili, mwembamba zaidi, na mafuta yatatoka nje, na punje itakuwa nyeusi. Punje nyeusi imeungua ndani, imejaa vitundu, ni dhaifu. Maji yakiigusa tu inatoa vyote ilivyo navyo. Hiyo ndiyo kahawa chungu ya pwani, ya birika la shaba lililokalia makaa, vikombe vidogo vinavyogongana mkononi mwa muuzaji, na kashata pembeni. Naipenda na nitaendelea kuinywa. Nayo inapikwa, na maji yanapochemka na unga ndani yake, moto wenyewe ndio mkorogaji; unga unapanda na kushuka mpaka umemaliza kutoa.

Punje iliyokaangwa kidogo ni nyingine. Bado imeshikamana, imebana, haina vitundu vingi, na utamu wake umejificha ndani. Maji yakipita kwa haraka yanaondoka na kile kilicho juujuu, na cha juujuu kinachotangulia kutoka ni uchachu. Utamu unachelewa. Kwa hiyo kahawa ya namna hii inadai vitu vitatu kwa mchujaji: isagwe laini zaidi kidogo, maji yawe ya moto sana, na maji na unga vichanganywe kweli. Cha kwanza na cha pili wengi wanavijua. Cha tatu ndicho kilichonishinda.

Kabla sijafika huko, niseme neno kuhusu maji ya moto, kwa sababu hapa Kyela tumepewa bahati ambayo sijasikia mtu akiitaja. Maji hayachemki kwa joto moja kila mahali. Kadiri unavyopanda mlima, hewa inapungua uzito, na maji yanachemka mapema. Hapa kwetu uwandani yanachemka kwenye nyuzi 98 hivi. Tukuyu ni kama 95. Mbeya mjini, kwenye mita 1,700, ni kama 94. Maana yake ni kwamba mkulima wa mlimani, hata akichochea moto namna gani, birika lake halitafika joto linalofikiwa na birika la mvuvi wa Matema. Kahawa inaota juu, lakini maji yanayoifaa zaidi yako huku chini. Na ndugu zetu wa juu, kwa kuwa maji yao ni ya joto pungufu, wao ndio wanaohitaji zaidi haya ninayotaka kuyasema kuhusu kijiko.

Sasa nifanye mbele yenu. Nimeweka karatasi kwenye koni, nimeiosha kwa maji ya moto ili iache ladha yake ya karatasi. Kuchuja kwa karatasi kuna zaidi ya miaka mia: alianza mama wa nyumbani wa Ujerumani, Melitta Bentz, mjini Dresden, mwaka 1908, aliyetoboa chombo cha shaba na kukata karatasi ya kukaushia wino ya mwanawe wa shule. Koni hii niliyo nayo imeigwa kwenye ile ya Kijapani, V60 ya kampuni ya Hario, yenye mifereji iliyojipinda ndani na tundu moja kubwa chini. Tundu likiwa kubwa, kasi ya maji inaamuliwa na unga na mkono wako.

Unga ni gramu 15. Asiye na mizani, ni vijiko vitatu vya chakula, vya kusawazisha. Punje ziwe kama sukari, au ndogo kidogo. Natia maji kidogo tu, kama mara tatu ya uzito wa unga, gramu 45 hivi, kiasi cha kulowesha. Angalieni, yaani sikilizeni. Hicho kijisauti cha kufoka ni hewa ya kabonidioksidi iliyobaki ndani ya punje tangu kukaangwa. Inatoka, na unga unaumuka kama maandazi. Hewa hiyo inasukuma maji mbali. Na chini ya uso huo mzuri ulioumuka, kuna madonge makavu kabisa.

Mama yeyote aliyepika uji analijua donge. Nje limelowa, ndani ni unga mkavu, na ukiliacha mpaka uji uchemke hutalivunja tena. Kwenye kahawa ni hivyohivyo. Donge lililobaki kavu sekunde ya kumi halitoi chochote mpaka dakika ya pili, na linapoanza kutoa, wenzake wameshamaliza. Kikombe kinakuwa na uchachu wa wasioiva na ukakasi wa walioiva kupita kiasi, vyote pamoja. Kwa hiyo kijiko kinaingia sasa hivi, unga ukiwa umelowa tu. Nachimba kutoka chini, ncha ya koni, nageuza kuja juu, mara tatu au nne, taratibu, bila kukwaruza karatasi. Wengine hawatumii kijiko. Wanashika koni yenyewe na kuizungusha kwa mkono, unga ukizunguka kama maji ndani ya kibuyu. Mmarekani Scott Rao ameieneza sana mbinu hiyo ya kuzungusha, na Mwingereza James Hoffmann, aliyekuwa bingwa wa dunia wa utengenezaji kahawa mwaka 2007, naye huzungusha koni mara tu anapolowesha. Mimi kwa kahawa ya Mbozi nimeona kijiko kinafika chini zaidi. Nikikoroga, nasubiri mpaka sekunde 45 zipite.

Halafu kuna kukoroga kusikoonekana kama kukoroga, nako ni kumimina. Maji yanayoanguka yana nguvu. Mwaka 2025 wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichapisha utafiti wao juu ya jambo hili hili. Kwa kuwa huwezi kuona ndani ya kahawa, walitumia vipunje vya kung'aa vinavyopitisha mwanga, wakavimulika kwa leza na kuvipiga picha za kasi. Wakaona mkondo wa maji ukichimba shimo katikati, punje za pembeni zikiporomoka kuingia shimoni, kisha zikinyanyuliwa na kurudi pembeni, tena na tena. Ni maporomoko ya mlima ndani ya kikombe. Na walipomimina kutoka juu zaidi, maporomoko yalizidi na kahawa ilitoa zaidi, kiasi kwamba mtu anaweza kupunguza unga akapata nguvu ileile. Ila kuna sharti. Mkondo usikatike. Ukiwa mwembamba mno au ukitoka juu mno, unavunjika kuwa matone, na matone yanapigapiga uso tu, hayachimbi.

Redio inanisaidia hapa, maana jambo hili linasikika. Namimina kutoka shibiri moja juu ya unga. Mnasikia? Karibu kimya, ni mnong'ono. Sasa napandisha birika, na naupunguza mkondo. Hiyo patapata ni matone. Tangu nilipojua kusikiliza, sitazami tena. Sikio linaniambia nishushe mkono au niongeze maji. Birika lenye mdomo mwembamba uliopinda ni rahisi kulitawala, lakini si lazima ununue. Birika letu la kawaida la mdomo mpana, lishushe karibu na unga, mimina pole kwa mkondo uliojaa, zungusha mkono kwa duara ndogo. Namimina mpaka gramu 150, napumzika kidogo, namalizia mpaka 250, ambayo ni robo lita.

Tetsu Kasuya, Mjapani aliyeshinda Kombe la Dunia la Wachujaji mwaka 2016, hugawa maji yake yote mara tano, na kila mmimino unakuwa msukosuko mpya. Hilo nalo ni kukoroga. Yeye husaga unga mkubwa, ndiyo maana anaweza kuusukasuka mara nyingi bila kuziba karatasi. Ukichukua mimimino yake mitano ukaitia kwenye unga laini, utaona matokeo yake, na mimi niliyaona.

Maana nilipojua kwamba kahawa hii inataka kukorogwa, niliingiwa na pupa. Nilikoroga mwanzo, nikakoroga katikati, nikakoroga mwisho, kama ninayesonga ugali wa msiba. Kahawa iliyokuwa ikishuka kwa dakika tatu ikashuka kwa sita. Chujio likajaa tope. Kikombe kikawa kizito, cheusi zaidi, na ulimi ukakauka kama mtu aliyeuma ndizi mbichi.

Sababu yake ni hii. Kila unga una vumbi, chembe ndogo kuliko nyingine zote, na uliotwangwa kwa kinu kama wangu una vumbi jingi zaidi. Ukikoroga, vumbi linaelea, linafuata maji, linashuka na kujibandika kwenye karatasi mpaka vitundu vyake vizibe. Maji yanakaa juu ya unga muda mrefu, na sasa yanakamua ule ukakasi ambao ulitakiwa ubaki kwenye machicha. Tena kuna mpaka wa kijiko chenyewe. Kukoroga kunasafisha nje ya punje, kunaondoa maji yaliyoshiba na kuleta maji mapya. Ndani ya punje kijiko hakifiki. Huko ni kazi ya joto na muda, na huwezi kuiharakisha kwa nguvu za mkono. Anayetwanga kwa kinu, ninavyoona mimi, apepete kidogo vumbi litoke, akoroge mara moja tu pale mwanzo, na baada ya hapo auache unga mikononi mwa maji.

Aliyenifundisha kiasi ni mama mmoja wa Ngonga, na hakujua kwamba ananifundisha. Nilikwenda kwake kwa habari za kakao. Anaivundika kwenye sanduku la mbao, amefunika kwa majani ya mgomba. Nilimkuta siku ya pili, akiigeuza kwa koleo la mti. Nikamwuliza, “Shikamoo mama, unageuza mara ngapi?” Akasema anageuza siku ya pili, na ya nne, basi. Nikamwuliza kwa nini asigeuze kila siku ili iive upesi. Akanitazama kwa huruma. “Mwanangu,” akasema, “ukiichokonoachokonoa inapoa. Inataka joto lake. Ninageuza ili ya pembeni nayo iingie katikati.”

Nilisimama pale na daftari langu, nikasahau kuandika. Ya pembeni iingie katikati. Hiyo ndiyo sababu yote ya kukoroga kahawa, na sikuisoma mahali popote ikiwa imesemwa vizuri hivyo. Kwenye kakao, kugeuza kunaingiza hewa, na vijidudu vinavyotengeneza siki vinaitaka hewa hiyo ili vifanye kazi. Joto la rundo linapanda mpaka karibu nyuzi 50, na hapo ndipo harufu ya chokoleti inapoanza kutengenezwa ndani ya mbegu. Usipogeuza kabisa, katikati inaiva na pembeni inaota ukungu. Ukigeuza ovyo, joto linakimbia. Kahawa nayo inapoa kila unapoichokonoa. Maji yaliyotoka birikani na nyuzi 98 yanashuka haraka yakirushwarushwa hewani. Na wale wanaopika mchele wetu wanajua siri ileile kutoka upande wa pili: wali unakorogwa ukiwa na maji, na ukishapaliwa moto haushikwi, ukiushika unapata bokoboko.

Hebu nione koni yangu. Maji yanaisha. Hapa nafanya jambo moja la mwisho, nashika koni na kuizungusha mara moja, pole, ili unga uliopanda kwenye kuta za karatasi ushuke na sakafu iwe bapa. Sio kwa ajili ya uzuri. Sakafu ikiinama, maji ya mwisho yanapita upande mmoja, upande mwingine unaachwa. Dakika tatu na sekunde kumi. Inatosha.

Mnisamehe kwa kulishikilia jambo dogo namna hii. Kinachonichoma ni kwamba kahawa hii imekuwa ikishuka kutoka Rungwe na Mbozi kwa vizazi, mbichi, ndani ya magunia, kwenda mnadani na kwenda ng'ambo. Huko inakaangwa kidogo, inachujwa kwa uangalifu, na mnywaji wa Tokyo au Hamburg anaandika kwamba ameonja matunda, asali, maua. Mkulima aliyeipalilia hajawahi kuonja hayo. Tuna kituo cha utafiti wa kahawa cha TaCRI pale Mbimba, Mbozi, kinachowapa wakulima miche inayostahimili magonjwa, na ni kazi kubwa. Lakini mtu anayejua ladha ya kahawa yake mwenyewe anaichuma kwa jicho jingine. Anaiacha ya kijani mtini, kwa kuwa ameonja ulimini mwake kile ambacho kahawa mbichi inakiharibu. Na mfanyabiashara akimwambia kwamba kahawa yake ni ya daraja la chini, anaweza kuchemsha maji wakaionja wote wawili.

Mwezi uliopita nilimpelekea mjomba kikombe kingine, cha kahawa ileile ya Mbozi, mkaango mpya wa shamba lilelile. Sikumwambia nilichobadilisha. Alikinusa kwanza. Akanywa, akanyamaza kwa muda mrefu mpaka nikadhani hajakipenda. Kisha akaniuliza kama nakumbuka kahawa mbivu inavyokuwa, ile nyekundu, kabla haijamenywa. Nikasema naikumbuka.

“Tulikuwa watoto,” akasema, “tukichuma, tunainyonya maganda. Utamu wake ndio huu.”

Akaomba nimwongezee.